Punda wa Kupewa

Odilia mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na najua hutarudi mapema. Bibi yako hamruhusu mtu kuondoka kabla hajala, akishakula haondoki kabla hajaombewa, na akishaombewa anaonekana ana njaa tena. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye kigoda hapa mlangoni, jua bado lipo juu ya migomba, na karatasi ni zile ulizobakiza za shule. Kalamu ni yako pia, ile ya kubonyeza. Nilipoibonyeza tu ncha itoke, punda wetu Mgeni akaacha majani yake kule nyuma, akaja mpaka mlangoni, akaninusa kiganja. Ikabidi niinuke nikamtafutie kipande cha kiazi. Sasa nimeamua siifungi tena mpaka nimalize. Nikiifunga na kuifungua kila ninapofikiri, viazi vitakwisha na barua haitaandikwa.

Utauliza kwa nini nisikuambie kwa mdomo. Kwa mdomo mimi na wewe tunaanza vizuri, halafu mmoja anakumbuka kwamba hakuna maji ndani. Na simu siiamini. Nasikia kuna watu ambao kazi yao ni kusikiliza maneno ya wenzao, tena wanalipwa. Barua ikifunguliwa na mwingine, unaona imefunguliwa.

Mambo ya kufua, kula kwa wakati na kutolala na taa inawaka sitakuandikia. Hayo utaambiwa na kila mtu, kuanzia padri mpaka kondakta wa basi. Nakuandikia kwa sababu juzi uliniuliza swali nikakwepa kulijibu.

Ulipanda kutoka bondeni ukamkuta yule kijana wa pikipiki, ambaye hatumjui jina wala kwao, amemfungua Mgeni mdomo anamtazama meno. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimefumbata mikono. Hukupiga kelele. Ulimsalimia kijana vizuri, ukamwonyesha njia ya kutokea, halafu ukaniuliza, "Mama, nikiondoka utamuuza?"

Nikasema maharage yanaungua. Maharage yenyewe yalikuwa hayajachemka.

Basi leo nakujibu. Nitazunguka kidogo, kwa sababu jibu fupi usingeliamini. Umezaliwa na mimi.

Babu yako, baba yangu, alipewa ng'ombe nikiwa mdogo. Aliyempa alikuwa mtu mwenye ng'ombe wengi kule Kibimba. Siku alipoletwa, mama yangu alipiga vigelegele, na sisi watoto tulilala zizini tusije tukaamka tukakuta ni ndoto. Lakini kwetu ng'ombe wa kupewa hafiki peke yake. Baba alipeleka pombe ya ndizi ya kushukuru. Baadaye alipeleka nyingine. Baadaye tukaitwa kupalilia migomba ya yule mtu, na mama akaitwa wakati wa kuvuna maharage, huku yetu yakipasukia shambani. Ng'ombe alipozaa jike, jike alikwenda Kibimba. Yule mtu hakutulazimisha hata siku moja, na hilo ndilo lililoniudhi nilipokua. Alikuwa anapita tu njiani, anasimama, anamtazama ng'ombe, anasema, "Amenona," na baba alikuwa anainama kama amekamatwa na kosa. Njia ya kutoka ilikuwa moja: kumrudisha mnyama. Ukimrudisha, umekata kamba. Baba hakumrudisha, alikufa akiwa bado anapeleka pombe.

Nilijifunza jambo moja katika maisha yangu yote ya utoto, nalo ni hili: mtu akikupa mnyama, tazama mkono wake wa pili uko wapi.

Sasa fikiria uliporudi kutoka Lusahunga. Nilikuwa nimekutuma kwa mama yako mdogo ukamsaidie kupikia madereva wa malori, baada ya kumaliza kidato cha nne. Ukaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Mara umekaa huko siku za ziada, mara unanuka mnyama, mara unacheka peke yako. Halafu jioni moja ukaniambia kuna mama wa Kisukuma anaitwa Mama Kabula, anafuga punda waliotupwa, na anataka kukupa mmoja.

"Anakuuzia?" nikauliza.

"Ananipa, mama."

"Bure?"

"Bure, ila lazima nijifunze kwanza."

Sikuamini hata neno moja. Moyoni nilisema huyu ana dereva. Lusahunga imejaa malori, na kila lori lina mwanaume mwenye soda baridi na maneno laini. Punda gani anayefundishwa na msichana wa Keza, mahali ambapo mzigo unabebwa na kichwa au pikipiki, na punda tunamwona kwenye picha ya Bwana Yesu akiingia Yerusalemu?

Nikakufuata. Hilo unalijua, lakini hujui nilivyojiandaa. Nilivaa kitenge cha kuazima na kujificha uso kwa mwavuli ili usinitambue. Nilikata fimbo ya mti mgumu nikaichonga njiani, na sikuwa nimeamua kama ni ya punda, ya dereva, au ya kwako. Nikafika kwa yule mama nikiwa nimefura. Uzio wake ni wa miiba, nikachungulia.

Ulikuwa umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, umenyoosha mkono, hufanyi kitu. Mbali kidogo alisimama punda mdogo, mbavu nje, shingoni ana kovu la kamba lililokuwa bado jekundu. Na wewe umekaa tu. Nimekulea kwa jembe, Odilia, sijawahi kukuona umekaa bila kazi muda mrefu namna ile. Nikasubiri dereva atokee. Hakutokea. Punda akasogeza mguu mmoja. Ukabonyeza kalamu, tak, ukamrushia kitu, akala. Ukakaa tena. Akasogeza mguu mwingine. Tak.

Nikasema, mwanangu amerogwa.

Ndipo ukageuka, bila kuinuka, ukasema, "Shikamoo mama. Fimbo iache langoni." Kumbe uliujua mwavuli wangu.

Mama Kabula akatoka, mwanamke mpana, kanga imefungwa kifuani, anatembea pole. Alinipokea kwa heshima zao zote, akanisalimu Kisukuma na kuniita mama. "Mwangaluka, mayu. Kalibu. Hapa hatuingii na fimbo, utanisamehe. Hawa wameshapigwa vya kutosha, hawana nafasi ya kupigwa tena."

Akanisimulia. Lori lilikuwa linapita na punda waliofichwa, wanapelekwa kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Lilipozuiwa barabarani, wenye lori wakakimbia. Punda wakubwa wengi walishakufa kwa kiu, na wadogo wakabaki wamesimama kati ya mizoga ya mama zao. Afisa mifugo aliwaleta kwake kwa sababu familia yake ilihama kutoka Shinyanga na ng'ombe na punda, na punda anawajua. "Nilijua kuwachapa," akaniambia. "Kwetu punda ni kumchapa. Lakini hawa ukiinua mkono hata kujikuna, wanaanguka chini. Sasa utamchapa nani aliyeanguka? Ndiyo yule afisa akanifundisha hii ya kusubili. Akifanya vizuli, unamwambia kwa mlio, unamlipa. Akikosea, hulipi. Basi."

Nilimsikiliza, nikakubali kwa kichwa, na sikuamini. Nilichokuwa natafuta ni mkono wa pili.

Nilirudi Keza nikafanya nilichofundishwa na baba yangu: nikapika pombe ya ndizi, nzuri, nikaiweka kwenye kibuyu, nikampelekea Mama Kabula kumshukuru kabla hajatukabidhi mnyama. Unakumbuka alivyofanya? Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akakinusa, akanirudishia. Akasema dini yake hairuhusu. Wewe ulicheka. Mimi nilirudi njia nzima sina raha, kibuyu kimejaa mapajani, pombe inanimwagikia kila pikipiki ikiruka. Kwetu mtu anayekataa pombe ya shukrani anataka kitu kikubwa kuliko pombe. Nilimuuliza wazi kabla ya kupanda pikipiki: "Mama Kabula, unataka nini?"

Akafikiri. "Nataka kimoja, mayu. Siku nitakayokuja, nisimkute na kovu jipya."

Siku nitakayokuja! Hakusema lini. Nikamkumbuka mtu wa Kibimba amesimama njiani.

Ndiyo maana nilimwita Mgeni. Wewe ulitaka kumpa jina la kanisani, nikakataa. Nilisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu jembe lake ni madumu ya maji. Lakini ukweli ni kwamba nilimwita Mgeni kwa sababu mgeni hurudi kwao. Sikutaka azoee. Sikutaka nizoee mimi.

Majirani walikuja kumtazama kama wanakwenda msibani, kwa sauti za chini. Kila mmoja aliniambia shukrani ya punda ni mateke. Na wewe ulikuwa unamfundisha kusimama huku umeweka gunia tupu mgongoni, tak, kiazi. Gunia lenye dumu tupu, tak, kiazi. Dumu lenye maji kidogo, tak, kiazi. Nilikuwa nakupita na ndoo kichwani, nimeshakwenda bondeni na kurudi, na wewe na punda wako bado mpo pale pale mnaongea kwa kalamu. Ulinitia hasira, mwanangu. Nilikuwa naona viazi vyangu vinaliwa na mnyama kwa kazi ya kusimama.

Sasa nifike pale pabaya.

Nilijiambia huyu punda ni mlafi tu, hakuna mapenzi wala akili hapo. Ulipokwenda kwenye jumuiya nikachukua kalamu yako nikambonyezea. Akaja. Nikamwonyesha kiganja kitupu. Akakinusa, akanusa vidole kimoja kimoja, akanitazama. Nikaenda upande wa pili wa nyumba nikabonyeza tena. Akaja, ila taratibu. Kiganja kitupu. Nikacheka, ndiyo, nilicheka. Nilikuwa nimemkamata! Nikabonyeza tena na tena mpaka akaacha kuja. Akasimama kwenye migomba amenipa mgongo, masikio yamelala nyuma.

Kesho yake ulimpeleka bondeni. Ukabonyeza, hakusogea. Ukamwonyesha kiazi, akageuza shingo. Ukabaki chini kule na madumu yaliyojaa mpaka nikaja kukutafuta. Alipaswa kukunusa wewe, lakini alinifuata mimi, akaninusa kiganja kile kile, akarudi nyuma. Ukaelewa hapo hapo. Nilisubiri ugombe. Ungegomba ingekuwa nafuu.

Ulinipa beseni la viazi vilivyokatwa, ukasema, "Mama, ahadi ni deni. Sikuahidi mimi, umeahidi wewe. Utalipa wewe."

Nikalipa. Asubuhi na jioni, mimi mtu mzima, mjane, mwenye heshima zangu parokiani, nikasimama nyuma ya nyumba yangu namwomba radhi punda. Nabonyeza, namtupia kiazi mbali, kwa sababu karibu hakutaka. Hakuja hata kunitazama kwa siku nyingi. Viazi vilioza pale chini. Majirani walipita. Mmoja aliuliza kama ni dawa ya mganga. Nikasema ndiyo, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi zaidi kueleza.

Siku aliyokuja tena mpaka mkononi nililia, na sikukuambia. Alikuja, lakini alinusa kwanza. Mpaka leo ananusa kwanza. Wewe akisikia mlio anakuja mdomo wazi. Mimi ananipima. Nami namheshimu kwa hilo.

Baba yako, apumzike kwa amani, alinivumilia jambo hili hili kwa miaka mingi. Nilikuwa napekua koti lake kila akirudi kutoka mnadani. Sikuwahi kukuta kitu, na kila nisipokuta niliamini zaidi kwamba kipo. Siku moja nikakuta kitenge kipya kimekunjwa ndani ya koti. Nikawasha moto wa maneno nyumba nzima, nani huyo, anakaa wapi, umemvisha lini. Akasubiri nimalize. Akasema kilikuwa changu cha Pasaka, na sasa Pasaka imeharibika. Halafu akasema, "Mke wangu, muhogo ukiufukua kila siku kuona kama umekua, hautakua."

Nilimjibu kwamba muhogo usipoufukua unaliwa na fuko. Sikukosea, Odilia. Fuko wapo. Lakini baba yako pia hakukosea, na mimi nilichelewa kumwambia.

Mgeni alipoanza kazi kweli, shingo yangu ilipona. Nilikuwa sigeuki bila kugeuza mwili mzima, unakumbuka, hata kanisani wakati wa kutakiana amani nilikuwa nazunguka kama mlango. Sasa nageuka. Madumu yanapanda kutoka bondeni kwa miguu ya mwingine, na mimi nyuma yake mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Nilikuwa nakaribia kuamini. Ndipo Mama Kabula akaja.

Hakuna aliyetuambia. Tulimwona tu anapanda kilima na viatu mkononi. Nilikimbia kuficha nini, sijui, nilikimbia tu. Hakuingia ndani. Alimwendea Mgeni, akapitisha kiganja shingoni, mgongoni, akainua kwato moja moja. Akasema, "Hana kovu jipya." Akanywa maji. Nikamsindikiza mpaka barabarani nikingoja, kwa sababu nilijua sasa atataja. Na akataja.

"Mayu, Odilia ana mkono. Sijamwona mwingine mwenye mkono ule. Kuna chuo cha mifugo, yule afisa anawajua. Aende asome. Mwache aende."

Nikausikia moyo wangu unasema, huo hapo. Huo hapo mkono wa pili. Miaka yote hii nimekuwa nikiutafuta kwenye pombe, kwenye jembe, kwenye mtoto wa kwanza wa mnyama, kumbe alikuwa anamtaka mtoto wangu wa kwanza. Na mimi sina wa pili.

Sikukuambia nilivyolala siku zile. Ulipopata nafasi ukarukaruka uwanjani, ukamkumbatia punda kabla hujanikumbatia mimi. Nikapiga vigelegele, kwa sababu mama hapaswi kunyamaza. Sitaki uende. Ngoja niliandike vizuri lisomeke: sitaki uende. Nyumba hii ikibaki na mimi na punda, nani ataniambia kwamba maharage hayaungui?

Ndipo nikakumbuka dawa ya wazee. Mnyama wa kupewa akirudishwa, kamba imekatika. Lusahunga ni mbali kumswaga punda, na nilimwonea aibu Mama Kabula. Lakini asipokuwepo kabisa? Kichwa changu kikaniambia, punda akiondoka, deni limeondoka, na mtoto atabaki. Upuuzi. Najua. Lakini ukiwa umelelewa na ng'ombe wa Kibimba, upuuzi huo una miguu minne na unatembea. Ndivyo yule kijana wa pikipiki alivyopata ruhusa ya kumtazama meno. Sikumuuliza anampeleka wapi. Mimi, ninayeuliza kila mtu kila kitu, sikuuliza, kwa sababu nilijua.

Sasa nikuambie lililotokea jana. Ulikuwa umekwenda Ngara mjini kupiga picha za chuo. Kijana akarudi na kamba, akasema gari dogo linasubiri barabarani. Akamfunga Mgeni kamba shingoni, palepale penye kovu la zamani. Mgeni akakaza miguu. Kijana akavuta, akamzunguka, akavuta tena. Mgeni hakupiga teke hata moja. Alisimama tu amenitazama.

Kijana akachoka, akafuta jasho, akasema, "Mama, si kuna kile kidude anachobonyeza dada? Nimeona njiani, akibonyeza tu anakuja. Wewe tangulia mpaka kwenye gari ubonyeze, ataingia mwenyewe."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaishika. Nilikuwa nimeshakubali kumuuza, mwanangu, sikufichi, nilikuwa nimekubali kamba na nimekubali gari. Lakini nikaona atakavyokuja. Angekuja mpaka mlango wa gari, angeninusa kiganja, na safari hii ningekuwa na kiazi. Ningempa, angekula, angeniamini. Na hapo ndipo mlango ungefungwa. Kiganja kitupu nilishakilipa. Hiki nisingeweza kukilipa, kwa sababu anayenidai ningempata wapi tena?

"Kalamu imeisha wino," nikamwambia.

"Mama, sisi hatuandiki."

"Imeisha, nasema. Fungua kamba yako."

"Si tulishakubaliana, mama?"

"Tulikubaliana na wewe. Na yeye je, ulikubaliana naye?"

Alinitazama kama majirani walivyonitazama wakati wa viazi. Akafungua kamba yake, akawasha pikipiki, akaondoka anatikisa kichwa. Nikabonyeza, nikamlipa Mgeni kiazi kizima bila kukikata, alistahili zaidi ya kipande.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba ningemuuza. Jana asubuhi ningemuuza. Ulikuwa na haki ya kuuliza, na usijione vibaya kwamba ulimshuku mama yako. Ulinijua.

Sikuandikii ili uniambie mimi ni mwema. Nakuandikia kwa sababu huko uendako wapo watakaokubonyezea. Mwingine ni mwalimu, mwingine kijana mwenye tabasamu, mwingine rafiki wa bwenini. Nilitaka nikuambie usiende kwa yeyote, ndivyo nilivyoishi, na nimebaki na shingo ngumu na koti la marehemu nililolipekua bure. Lakini kwenda mdomo wazi pia siwezi kukushauri. Mtazame Mgeni anavyonijia mimi. Anakuja, ila ananusa kwanza. Akikuta kitu, anakula. Akikuta hakuna, anakumbuka. Mimi naona hiyo inatosha kwa mtu.

Na wewe pia, mwana wanje, mwanangu, usimbonyezee mtu mkono ukiwa mtupu. Hata ukiwa unamjaribu tu. Hata akiwa mlafi.

Kesho utashuka Lusahunga na Mama Kabula atakuwa anakungoja akupeleke mpaka chuoni. Mpe salamu zangu. Sijamwamini moja kwa moja, usinilazimishe. Mwambie ile fimbo yangu niliyoiacha langoni kwake aitie jikoni, ni mti mzuri, itaivisha ugali. Nimekufungia viazi vya kwake kwenye kikapu cha bluu, maana viazi dini yake haivikatazi. Na umpe ujumbe huu, maneno yangu haya haya: mnyama wako nimemtunza, nawe nimekukabidhi wangu. Siku moja nitakuja bila taarifa. Nisimkute na kovu jipya.

Nasikia sauti yako kule chini njiani, unamcheka mtu. Bibi yako amekuachia mapema kuliko nilivyodhani, au amekuja nawe mpaka hapa akufungie tena chakula. Nakunja hii niitie chini kabisa kwenye sanduku, chini ya sweta, uikute ukishafika.

Utatafuta kalamu yako ya kubonyeza humo sandukuni. Haipo. Usipekue. Kanunue nyingine huko, hii inabaki, ina kazi hapa nyumbani.

Mimi mama yako. Sasa naifunga kalamu, na ikilia tu Mgeni atakuja, na mkononi sina kitu. Ngoja kwanza nikachukue kiazi.